Vicheko Vinane

Kicheko cha mama yake kilimfikia Shekue uani, kikavu kama debe tupu linaloburutwa. Alipoingia sebuleni alimkuta mbele ya runinga, ameshika mbavu zinazomuuma. Kipindi cha utani wa siasa kilikuwa hewani, na kisanduku cha ukutani kilihesabu vicheko. Kaya isiyocheka vya kutosha haifunguliwi bomba kesho yake.

Mgeni wa leo alikuwa Waziri wa Maji. Aliigiza jinsi akina mama wanavyosukumana kisimani, huku mtangazaji akijipiga mapaja.

"Mama, huyu si ndiye aliyekifukia kisima chetu?"

"Ndiye. Cheka, baba, vimebaki vinane."

"Afadhali nife kwa kiu!"

"Haya, kufa. Na mdogo wako mwenye vidonda nimwogeshe kwa mate?"

Shekue alimtazama Waziri, kinyaa kikampanda kama aliyekunywa maziwa yaliyochacha. Mama akajikaza kucheka, sauti ikakatika, kikatoka kikohozi kitupu. Kisanduku hakikukihesabu.

Shekue akaketi karibu naye, akamshika mkono.

"Pumzika, mama," alisema. "Kuanzia leo, mbele ya hawa, nitacheka mimi."