Bi Kasuku na Sheria ya Mayai

Wanasimulia wanyama kwamba Bi Kasuku alikuwa wakili asiyeshindwa kesi. Kenge aliposhtakiwa kwa kula mayai ya Bi Kanga, Kasuku alimtetea kwa neno moja: "Yai halina mama mpaka lianguliwe." Kenge akaachiwa. Naye Kenge, ambaye anajulikana kwa kutosikia, neno hilo alilisikia barabara.

Sifa zikampeleka Kasuku bungeni, akaligeuza neno lake kuwa sheria. Hakukaa sana akateuliwa Jaji Mkuu, akavikwa joho jekundu kama mkia wake.

Asubuhi moja akamfuma Kenge kiotani mwake, yai moja limeshaliwa. Akamburuta mahakamani, akapanda kitini kuiamua kesi yake mwenyewe, maana nani angemzuia?

"Wakili wako yuko wapi?"

"Sina, Mheshimiwa. Nimekuja na maneno yako tu."

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Kasuku akaifuta sheria papo hapo. "Kuanzia leo, yai lina mama tangu linapotagwa!"

Bi Kanga akasimama kule nyuma, akijifuta machozi ya kucheka. "Ahsante, Mheshimiwa. Na yale yangu, mama yao alikuwa nani?"