Watu kwa Lita

Kila Jumatatu mfereji wa nyumba hutoa maji ya wiki kwa kufuata hesabu ya mtoto wa nyumba hiyo, mwalimu wake akishaipiga tiki. Lita mia kwa watu watano: kila mtu lita ishirini.

Bupe aligeuza. Aligawanya watu kwa lita. Mwalimu Siwema aliliona kosa, akamkumbuka mama yake, aliyekufa kwa kiu baada ya mjukuu kukosea vilevile na hesabu kupita. Wakati ule msimamizi wa maji, Mwakalinga, alikataa kurekebisha. Bupe ni binti yake.

Siwema akapiga tiki.

Jioni Mwakalinga alikuja na ndoo kavu. "Mwalimu, kila mtu kapata maji ya kujaza kikombe cha kahawa tu. Wiki nzima."

"Mama yangu alipokuja kwako ulimwambiaje, Mwakalinga?"

Mwakalinga aliitazama ndoo. "Hesabu ikishapita haiguswi."

"Basi unaijua sheria. Usiku mwema."

Asubuhi Bupe alinyoosha mkono, midomo imempasuka. "Mwalimu, naomba maji."

Siwema aliisogeza chupa yake nyuma ya vitabu.

"Kaa, Bupe. Leo tunarudia uwiano."