Blanketi Lenye Nembo

Kampuni ya saruji ilipokuja hospitalini kugawa mablanketi, Mzee Shekue aliombwa atoe shukrani mbele ya kamera. Mkewe alifia humo mwezi uliopita kwa kukosa oksijeni, akiwa amefunikwa blanketi lenye nembo ya kampuni hiyohiyo.

"Sema tu asante, mzee wangu," meneja alimnong'oneza.

"Mwanangu, mwaka huu mmelipa kodi kiasi gani?"

Meneja akacheka. "Hayo ya ofisini, mzee. Leo tunatoa msaada."

"Daktari alisema mitungi ya oksijeni hununuliwa kwa kodi."

Akatoa kwenye mfuko aliokuja nao lile blanketi la mkewe, limefuliwa na kukunjwa vizuri, akamwekea meneja mikononi. Mpiga picha, akidhani mzee ndiye anayepokea, akawaambia wasogeleane, watabasamu.