Ushauri wa Shemeji

Ndani ya lifti, mbele ya kioo, Fundi alijaribu kutabasamu mara tatu. Mara ya kwanza tabasamu lilitoka zuri. La pili lilikuwa la mtu anayeumwa jino. Akalichagua la tatu, baya kuliko yote, akatoka nalo ghorofa ya sita.

Miaka minne ilikuwa imepita tangu yule mama, ambaye watu wote walimwita Fundi, alipolikanyaga zulia lile mara ya mwisho. Kampuni ile ya mashine za gemu, zile za kuunganishwa na televisheni, aliianzisha yeye na mumewe juu ya meza ya kulia chakula. Mume akibuni michezo, yeye akiunganisha nyaya. Mume akafa. Kabla kaburi halijakauka, mdogo wa marehemu akabadilisha kufuli za karakana, akashusha picha ya kaka yake ukutani, na Fundi akatolewa langoni mkuku mkuku, vifaa vyake vikiwa ndani ya ndoo ya kudekia. Walinzi walicheka. Fundi hakusahau hata jino moja lililoonekana siku ile.

Sasa mdogo mtu ndiye Mkurugenzi, na ndiye aliyempigia simu. "Shemeji, nahitaji ushauri. Hakuna anayezijua hizi mashine kama wewe."

Fundi alikubali kabla mwenzake hajamaliza kusema. Alitaka kuiona kampuni ile ikifa, na alitaka ife kwa mkono wa huyo huyo aliyemnyang'anya.

Kwenye chumba cha mkutano walikaa wakuu wa idara watano, kila mmoja na chupa yake ya maji. Katikati ya meza palikuwa na mashine ndogo ya majaribio, ya kuchezea mkononi, yenye vitufe vyekundu.

"Swali ni moja, Shemeji," Mkurugenzi alisema. "Sisi tumezoea mashine za sebuleni. Tuingie kwenye hizi za mkononi, au tuachane nazo?"

"Ingieni. Tena leo, si kesho."

Mkuu wa mauzo akaguna. "Watu wana simu, mama. Nani atabeba vitu viwili?"

"Simu ikiita, mchezo umekufa. Kidole ukikiweka kwenye kioo, kinamficha adui wako. Na hiyo televisheni ya sebuleni ina mwenyewe. Baba akitaka taarifa ya habari, mtoto anaambiwa azime. Ya mkononi haigombewi." Alikuwa ameshafika ubaoni, vumbi la chaki limemjaa vidoleni. "Michezo yenu yote ya zamani itaingia humu bila kubadilishwa. Mkianza mwaka huu, hakuna atakayewafikia."

Akachora. Akapiga hesabu za betri, akazipiga tena kwa kirefu. Kisha akageuka na kuanza kumsifu shemeji yake, akamvika kilemba cha ukoka mbele za watu: jicho lake la biashara, ujasiri wake, jinsi marehemu angejivunia kumwona alipofika.

"Mimi nakutakia mema tu, Shemeji."

Wakuu wa idara wakatazamana. Mmoja akajitia kukohoa.

Mkurugenzi alikuwa akimsikiliza kwa macho yaliyofumbwa nusu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Shemeji, kuigiza hujui. Washauri ninao tele, kila mmoja ananiambia anachodhani nataka kusikia. Mimi nilitafuta mtu mmoja anayeomba usiku na mchana nianguke. Huyo akinionyesha njia, najua shimo liko wapi."

Akaichukua ile mashine ndogo, akaidondosha kwenye ndoo ya taka.

"Mradi basi. Waambieni wale mafundi kumi na wawili wa karakana ya chini walioiunda wafungashe vitu vyao kabla ya saa kumi."

"Utajuta, Shemeji," Fundi alisema.

"Ningejuta kama ningekusikiliza."

Chumba kizima kikacheka. Fundi alikusanya karatasi zake. Moja ilianguka chini ya meza, na hakuna aliyejisumbua kumwokotea. Mlinzi alimsindikiza mpaka nje, akafunga lango kabla Fundi hata hajavuka barabara.

Mtaa wa tatu kutoka pale, nyuma ya duka la vioo, kulikuwa na karakana ya kupanga yenye mlango wa bati. Ndani yake mashine za mkononi mia tatu zilikuwa zimepangwa mezani, zikisubiri kutiwa kwenye maboksi. Binti wa Fundi alikuwa amesimama katikati, bisibisi mkononi, uso umempauka.

"Mama, wanaingia? Wakiingia hao, sisi tumekwisha."

"Hawaingii. Na mafundi wao kumi na wawili watakuwa nje ya lango saa kumi. Nenda ukawachukue."

Binti akajibwaga juu ya boksi. Alitaka kucheka, akajikuta anafuta machozi.

"Sasa umemdanganya nini, mama, mpaka akaiacha biashara kama hii?"

"Nilimwambia uongo mmoja tu, kwamba namtakia mema," Fundi akasema. "Juu ya mashine, yote yalikuwa kweli."