Mlio wa Mashine ya Siwema

Fundi Makame aliifunga mota ya mashine ya kusaga kwenye meza ya kupimia, akaiwasha. Meza nzima ikanguruma, na mshale wa kipimo ukatetemeka kama mtu mwenye homa.

“Unaona, dada? Beringi, hii pete ya chuma inayoshika mhimili, imelika. Ukiiacha, siku moja mhimili utakatika ukuumize. Nikiweka mpya, itatulia kama paka aliyeshiba.”

Siwema alikuwa ameweka kiganja juu ya meza. “Haitalia tena?”

“Ilie, ina msiba? Mtaa mzima utanishukuru!”

Siwema alicheka kidogo, kisha akainama. Mumewe, Shomari, alipokwenda kutafuta kazi ya mbali, alimwambia kwamba hata mji ukibadilika, ataufuata mlio wa mashine yao mpaka mlangoni. Tangu hapo nyumba zimeota kila upande, na njia ya zamani imezibwa.

“Weka mpya,” alisema. “Ila hiyo ya zamani nipe.”

Beringi mpya ilipofungwa, mshale ukalala. Siwema akasimama mlangoni mwa karakana, akaivaa ile kuukuu kidoleni, akaizungusha karibu na sikio. Ikakwaruza kidogo tu.

Akanyoosha mkono kuelekea barabarani, akaizungusha tena.