Kona ya Fuko

Hekaya hii aliisimulia kwanza bibi yetu Mwanamvua, mwaka aliozaliwa mjomba Shekue, si baadaye kama wengine wanavyodai.

Wanyama waliishi katika shimo moja lenye njia nyingi, kila njia na mtunzaji wake. Walikubaliana kwamba ukiona tundu kwenye njia ya mwenzako, umwite kwanza. Asipoitika, ziba tundu hilo tu, kisha umwambie.

Masika yalipoanza, maji yalipenya kwenye njia ya Fuko yakielekea chumba cha watoto wa Nguchiro. Nguchiro aliita, Fuko hakuitika. Akaziba tundu. Kisha akaona njia ina kona mbaya, akainyoosha pia.

Fuko alikuja taratibu, akatazama.

“Tundu umeziba vizuri. Kona ilikukosea nini?”

“Ilikuwa inatuchelewesha, mzee. Ungeitika, ningekuuliza.”

“Ilikuwa inachelewesha maji.”

Maji ya mvua iliyofuata yaliingia mlangoni mwa njia, yakanyooka hadi chumbani kwa Nguchiro. Aliwatoa watoto wake wakitetemeka, akamwendea Fuko.

“Irudishe kona yako, mzee, watoto watakufa.”

“Njia uliyoinyoosha ni yako sasa,” alisema Fuko, akijilaza. “Nimeitunza tangu ujanani. Ulipoita nilikusikia, ila nilikuwa nimechoka.”

 Nguchiro alirudi akaanza kuchimba.

Fuko alikufa zamani, na watoto wa Nguchiro walikua wakahamia kwingine. Nguchiro mwenyewe yu hai, na kila masika yumo kwenye njia ile, akirekebisha kona.