Mtoto wa Tembo Kisimani

Asubuhi ile Mkawasi alikwenda kuteka maji akamkuta mtoto wa tembo ametumbukia kisimani kwake, maji yamemfika shingoni. Mama yake alisimama ukingoni, akilia na kurusha vumbi.

Watu walikusanyika kwa mbali. Baadhi yao walikuja na visu.

"Mwache afe," alisema jirani yake, Mwakio. "Si hawa hawa waliomaliza mahindi yako?"

"Ndio hao," Mkawasi alijibu. "Lakini tazama anavyomlilia mwanawe."

Akachukua jembe. Hapakuwa na njia nyingine ila kuubomoa ukingo, mtoto apate mteremko wa kupandia, na kisima kile alikichimba yeye na marehemu mumewe kwa mikono yao. Mwakio alimtazama kidogo, kisha akaokota debe la kutekea maji, akaanza kuligonga kwa kelele ili mama tembo arudi nyuma.

Mkawasi alichimba mpaka viganja vikachubuka. Udongo uliporomoka majini. Mtoto alipanda, akateleza, akaanguka, akapanda tena, na mwishowe akatoka, mwili mzima tope. Mama yake akampapasa kwa mkonga tangu kichwani hadi mkiani, kisha akamwongoza kuelekea vichakani.

Mkawasi aliketi chini, akajikuta anacheka.

"Sasa utateka wapi maji?" Mwakio aliuliza, akijifuta jasho.

"Kwako, mpaka utakaponisaidia kuchimba kingine."

Mwakio naye akacheka. Kule vichakani mtoto alikuwa ameanza kunyonya, na mama yake alisimama tu, kama asiye na haraka ya kwenda popote.